Kondoo wa Kitovu

Mwalimu wetu wa baolojia alikuwa na ugomvi wa kudumu na mtu yeyote aliyesema kwamba punda milia ni punda milia tu. Ukisema hivyo darasani, ulisimama hadi kengele ilie. Ukisema hivyo dukani kwangu, miaka mingi baadaye, yeye akiwa mzee mstaafu na mimi nikiuza dawa za mifugo hapa Isiolo mjini, aliweka chupa yake ya dawa ya minyoo juu ya kaunta na kukuuliza umezaliwa wapi. Mteja mmoja kutoka Ngaremara, kwetu kabisa, alimjibu kwa kiburi kwamba amezaliwa hapa hapa.

"Basi Mungu amekupa macho ya bure," Mwalimu akamwambia, akachukua chupa yake akaenda.

Mimi mwenyewe nilikua nikiwaona hao wanyama bila kuwaona. Yuko yule wa kila mahali, mnene, mwenye mistari mipana inayoshuka mpaka tumboni. Halafu yuko kangani, mrefu, masikio makubwa ya mviringo, mistari myembamba iliyobanana, tumbo jeupe. Nyumbani tulijua wote wawili hawafugiki, na hapo elimu yetu ikaisha. Mwalimu ndiye aliyetueleza kwamba dume la kawaida hutembea na majike wake popote waendapo, lakini dume la kangani hujichagulia eneo lake karibu na maji, akakaa hapo akiwangojea majike wapite. Alilisema hilo kwa heshima fulani, na sisi wasichana tukacheka kwa sababu tulikuwa na umri wa kuchekea madume.

Alisalimia darasa zima kwa salaam aleikum, Waislamu kwa Wakristo. Mimi ni Mturkana wa kanisa, na mwanzoni nilikuwa nanyamaza. Akaniambia nikijibu vibaya hakuna atakayekufa. Alikuwa mtu wa zile familia za Kisomali zilizoachwa hapa na jeshi la mkoloni, watu wa malori na maduka, na nadhani nduguze hawakumwelewa kamwe, mtu mzima aliyeacha biashara akaenda kulipwa na serikali kueleza shingo ya mbuni. Nyumba yake ilikuwa mjini lakini moyo wake ulikuwa Burat, ambako alifuga kondoo wa kichwa cheusi, wale wetu wa mkia wa mafuta, chini ya mchungaji mmoja mzee wa Kiborana aliyekuwa mkali kuliko yeye.

Kondoo wale ndio waliokuwa vitabu vyake. Tukiwa kidato cha tatu alituletea dume darasani. Si picha ya dume, dume lenyewe, likivutwa kwa kamba kupita ofisi ya mwalimu mkuu. Chini ya tumbo lilikuwa limefungwa kile kipande cha ngozi ambacho wafugaji huwafunga madume ili wasipande majike nje ya msimu, kusudi wana-kondoo wazaliwe majani yakiwepo. Mwalimu mkuu akaja mlangoni na miwani mkononi.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Mpaka," akajibu. "Leo tunasoma mpaka."

Dume likajisaidia chini ya ubao, na Halima, binti yake mwenyewe, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, ndiye aliyetumwa fagio. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kumpenda baba yake kama siku ile, na kwamba pia alitamani ardhi immeze.

Somo lilikuwa hivi. Chukua kundi moja la wanyama, ligawe pande mbili, weka katikati mlima, au mto, au jangwa, au hata kile kipande cha ngozi. Vizazi vikipita bila pande hizo kuzaliana, kila upande unaanza kushika njia yake, rangi yake, sauti yake, majira yake ya kupandana. Hapo ndipo nususpishi, matawi ndani ya aina moja ya mnyama, huanza. Mbuni wetu wa kaskazini ana shingo ya rangi ya buluu na yule wa kusini ana shingo ya waridi. Kuro wetu, yule swala mkubwa wa kando ya maji, ana duara jeupe makalioni, lakini vuka Laikipia uteremke Bonde la Ufa, utamkuta kuro mwenye makalio meupe yote. Wakikutana mapema wanazaa vizuri, na duara la watoto linakuwa limekatika katika, na polepole ule mpaka unafutika. Wakikutana wakiwa wameshaachana mno, hawatamaniani, au wanazaa mtoto asiyezaa. Katikati ya hayo mawili, alisema, ndipo dunia yote ya wanyama inapotengenezwa, na hakuna anayejua ni siku gani mlango unafungwa.

Mvulana mmoja nyuma akauliza, "Kama sisi na Wameru, Mwalimu?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini, akapangusa mikono kwa kitambaa, akatembea hadi nyuma.

"Sikiza. Binadamu ni moja. Hakuna binadamu ya mlima na binadamu ya jangwa. Wewe na Mmeru mko karibu kuliko kuro ya hapa na kuro ya Nakuru. Mtu akikuambia ingine, jua anataka shamba yako ama anataka kura yako."

Maneno hayo niliyabeba. Niliyarudia katika mji huu wakati watu walipochomeana nyumba, niliyarudia kwa mume wangu, niliyarudia kwa wateja. Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema kwamba Mwalimu alinivunja moyo kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua.

Halima alimpenda kijana wa ofisi ya maji, Mwenda, Mmeru, mtoto wa mzee wa kanisa. Kijana mpole, wa kupiga pasi hata soksi. Hakutaka kubadili dini, Halima naye hakutaka kubadili yake, wakaenda kuandikishwa ndoa serikalini na mimi nikawa shahidi. Mwalimu hakupiga kelele wala hakulaani. Alikuja dukani kesho yake kununua chumvi ya mifugo, na nilipotaja jina la Halima akainua kidole.

"Hiyo jina usilete tena kwa hii duka."

"Duka ni yangu, Mwalimu."

"Basi nitanunua kwingine."

"Si wewe ulitufundisha binadamu ni moja?"

Alikuwa na desturi ya kuvuta ndevu zake akifikiri, na alizivuta. "Ile ilikuwa baolojia," akasema.

Sijawahi kusikia jibu la kipumbavu kama hilo kutoka kwa mtu mwenye akili kama zile, na nilimwambia hivyo hivyo. Hakununua kwingine. Alirudi wiki iliyofuata, akanisalimia kama kawaida, nikamjibu.

Halima na mumewe walihamishiwa Marsabit kikazi, na huko wakapata mtoto wa kiume. Nilipigiwa simu kutoka hospitalini, mtoto bado analia. Mwalimu alipoingia dukani nilimweleza kabla hajafunga mdomo wa salamu, nikamwambia ana mjukuu, mzima, mama yake mzima. Alinunua dawa ya kupe, akasahau kuichukua, akaenda.

Siku chache baadaye alikuja yule mchungaji wake kutafuta dawa ya kidonda cha sikio. Nikamuuliza kondoo gani ameumia.

"Hajaumia. Mwalimu amekata yeye sikio. Alama ingine, si ile yetu. Amechagua ile jike mzuri kuliko zote." Akanitazama kama ninachelewa kuelewa. "Ni ya kitovu."

Kwa Wasomali, na kwa Waborana pia, mtoto akizaliwa na kitovu kikakatwa, hutengewa mnyama wake. Anayezaliwa na mnyama huyo ni mali ya mtoto, na wanaozaliwa na hao pia, hata mtoto akiwa bado hajui kusimama. Kwa hiyo mtu hukua akikuta kundi lake linamngoja. Ni namna ya kumwambia mtoto kwamba walijua anakuja. Niliingia stoo nikalia katikati ya magunia ya chumvi, kwa furaha na kwa hasira, maana mzee yule angeweza kupiga simu.

Hakupiga. Lakini tangu siku ile tulikuwa na lugha yetu. Nilimuuliza, "Mifugo ya mtu wako iko aje?" naye akajibu bila kutaja jina la mtu. Jike limezaa. Limezaa tena, jike. Yule mdogo naye ana mimba. Nilimwomba mara nyingi aende Marsabit, ni barabara ya lami tupu siku hizi, asubuhi unatoka na mchana unakula huko. Jibu lake lilikuwa moja.

"Nitaenda ikiwa kundi. Mtu hawezi kukaa kimya hivi halafu aende na kondoo moja. Wataniuliza nilikuwa wapi. Kundi itajibu."

Alikuwa na kiburi, lakini kiburi chake hakikuwa cha kuonyesha watu, kilikuwa cha kujificha. Kwenye hoteli moja karibu na msikiti, mzee mwenzake alimtania kuhusu mjukuu wake chotara. Neno hilo Mwalimu alilitumia kila siku kwa kondoo na kwa kuro. Siku ile aliinuka, akamwaga chai yake yote sakafuni, kikombe akakirudisha mezani taratibu, akatoka. Hakurudi katika hoteli ile tena. Alimpigania mtoto ambaye hajamwona hata kwa picha, kwa sababu picha nilizomwonyesha kwenye simu alizikataa kwa kugeuza uso.

Ukame ulipokaza, aliniomba nimwendeshe mpaka kisima kimoja upande wa Ngaremara. Nilidhani anataka kuona hali ya malisho. Tulikaa garini vioo vikiwa wazi, tukanywa chai ya chupa. Punda milia wa kawaida wakaja wengi, wamekonda, na kati yao mtoto mmoja wa ajabu, mistari yake si mipana wala si myembamba, masikio ya nyumba moja na kiuno cha nyumba nyingine. Pembeni, peke yake, alisimama dume la kangani.

"Huyo ndiye baba," Mwalimu akasema. "Hapa ni kwake. Majike wake wangepaswa kupita hapa, lakini hakuna. Wamekufa, wamehamia, sijui. Wamekuja hawa. Na dume haliwezi kukaa bure."

"Kwa hiyo ni vibaya?"

"Mtoto ni mzuri, muangalie vile anakimbia. Tena huyu anaweza kuzaa. Lakini atafuata mama yake, ataishi kama watu wa mama, atazaa na wao. Mtoto wake atafanana na wao zaidi. Baada ya hapo hakuna mtu atajua kangani alikuwa hapa. Hakuna mwenye amekosea. Wamebaki wachache, basi."

Nilitaka kumwambia jambo kuhusu Marsabit nikashindwa, na sijui kama alikuwa anamfikiria Halima au alikuwa anamfikiria kangani tu. Alikuwa mtu wa kuweza kumlilia mnyama kwa ajili ya mnyama. Nilimrudisha mjini.

Lililomwangusha, hata hivyo, lilitokea kabla, katika mwaka wa mwisho wenye mvua. Jirani yake wa Burat alileta dume la dopa, wale kondoo wakubwa wa nyama ambao kila mtu siku hizi anawataka. Kwa muda wote Mwalimu alikuwa amelinda kundi lake dhidi ya damu hiyo. Alikuwa akija kwangu kueleza, kama vile mimi sikusoma kwake, kwamba kondoo wa kichwa cheusi ametengenezwa na njaa ya hapa, na ukimchanganya unapata mwili mkubwa na unapoteza miguu. Halafu asubuhi moja mchungaji akaingia dukani amekunja uso. Mwalimu alikuwa ameazima dume la jirani, akalifungua ngozi kwa mkono wake mwenyewe, akaliachia kwa majike ya kitovu. Yote.

Nilimvamia alipokuja. "Mwalimu, wewe? Wewe wa mpaka?"

"Niko na haraka," akasema. "Mtoto anakua. Ameanza shule. Nataka akiona aone kitu kikubwa."

Wana-kondoo walizaliwa wazuri, lazima niseme ukweli. Alinipeleka Burat kuwaona, vifua vipana, weupe, vichwa vyeusi vinang'aa. Alikuwa akiwashika mgongo mmoja mmoja na kucheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu alipovuta dume mbele ya mwalimu mkuu. Alisema mvua ijayo ikinyesha, anatafuta lori, anaenda Marsabit, na mimi lazima niwe mbele kwa dereva ili nianze maneno, maana yeye hatajua pa kuanzia. Nilishona gauni.

Mvua haikunyesha. Wala iliyofuata. Mchungaji alihamisha kundi kuelekea Kipsing, akakuta watu wanagombania kisima, akageuza na kurudi kwa njia ndefu isiyo na majani. Wale machotara walilala chini wa kwanza. Miili ile ilitaka chakula ambacho hakikuwepo, na miguu haikuwa ya safari ile. Majike ya zamani yalijikokota mbele zaidi, yakiwa na mimba nzito za pili za lile dume la dopa, yakafa yakizaa. Kondoo wengine wa Mwalimu, wale wa alama ya kawaida waliopandwa na dume lake mwenyewe, walirudi, wachache, mifupa mitupu lakini wamesimama. Wa kitovu hakurudi hata mmoja. Mchungaji alileta masikio, kama mchungaji mwaminifu anavyofanya ili mwenye mali asidhani ameuza, akayapanga juu ya kaunta yangu kwa sababu alimkuta Mwalimu hapo. Mwalimu alitambua alama yake. Alisema asante, umefanya kazi. Kisha akaniomba kiti.

Baada ya hapo alizeeka haraka. Macho yaliingia ukungu, akakataa kwenda kupasuliwa. Alikuja dukani akakaa tu bila kununua, na wateja wakisema punda milia ni punda milia aliwaacha waseme. Nilimwambia ampe mtoto kondoo mmoja wa wale waliobaki. Akasema hao si wa kitovu, hao ni wa mzee yeyote. Nilikuwa nachoka naye. Nasema hivi nikimpenda, lakini nilikuwa nachoka.

Mwaka huu Halima alinipigia. Mwenda amepata kazi nchi ya mbali, wanahama wote, na hajui watarudi lini. Basi lao kutoka Marsabit lingesimama Isiolo abiria wanywe chai. "Mwambie tutashuka pale stendi," akasema. "Simwombi kitu. Mwambie tutakuwa pale."

Nilimwambia. Hakuinua kidole safari hii. Siku yenyewe alinitangulia, amevaa koti lake la kufundishia, kofia safi, ndevu amezipaka hina. Tukasimama mbele ya duka la nguo, ng'ambo ya barabara kutoka stendi. Basi likaja. Halima akashuka, amenenepa kidogo, buibui jeusi, amemshika mkono mvulana; Mwenda alibaki ndani na mizigo.

"Wameshuka," nikasema. "Twende."

Hakusogea. Aligeuza viganja vyake juu, akaviinamia. "Niko na nini mkononi?"

"Huna kitu. Twende tu."

"Basi."

"Mwalimu, wallahi nitakubeba." Naapa kwa dini yake nikikasirika. Nilikimbilia kibanda nikanunua biskuti, nikamtia pakiti mkononi. "Mpe hii."

"Biskuti," akasema, akanirudishia. "Mtoto nimemnyima kitovu chake, nimuendee na biskuti."

Nilivuka peke yangu. Tulikumbatiana na Halima mpaka watu wakatuangalia. Alikuwa ameshamwona juu ya bega langu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Vuka, mama, barabara ni hii tu."

Alipiga hatua moja, naapa niliiona. Kisha akasimama. "Mimi nimetoka Marsabit," akasema. "Yeye avuke barabara."

Mtoto akauliza yule mzee ni nani. Halima akamwambia ni awowe wako, babu yako, na mtoto akainua mkono akapunga, akapunga sana, huku akiruka ruka ili aonekane juu ya magari. Mwalimu alikuwa anatazama upande wetu, uso wake mzima, na hakuinua mkono. Nilielewa kwamba macho yake hayatuoni. Nilimwita, malori yakapita. Dereva akapiga honi, Halima akanishika uso kwa mikono miwili, wakapanda.

Niliporudi upande wake basi lilikuwa limeshaingia barabara ya Nanyuki. Nilikuwa na maneno makali tayari, nimeyapanga tangu nilipokuwa shahidi wa ndoa ile. Akanitangulia.

"Yukoje?"

"Ungevuka ungemwona."

"Najua. Yukoje?"

Nikamwambia. Mrefu kwa umri wake. Mweusi kiasi, kama mama yake. Meno mawili ya mbele yametoka, akicheka anaficha mdomo. Shati la mistari, limepigwa pasi, bila shaka na baba yake. Kiatu kimoja kimefunguka kamba. Anaongea haraka, haachi mtu amalize. Nikamwambia alimpungia mkono. Aliposikia hivyo akashika nguzo ya duka.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Nikaendelea mpaka sikuwa na cha kusema tena. Mwenye duka la nguo alituletea kiti, Mwalimu akaketi, akaelekeza uso kule stendi palipokuwa patupu.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza.